Jina la Mume Katika Cheti cha Salma

Kitambulisho changu cha ukaazi kimebakiwa na siku ishirini na tatu. Kikiisha, nitakuwa mzee mmoja wa Pangani aliyerudi kwao na masanduku mawili na Kiarabu kingi kisicho na wa kusemezana naye. Nyinyi mliobaki ofisini mmeniomba niwaandikie kazi yetu ya tafsiri ilivyokuwa, hasa mashauri ya talaka, kwa kuwa tangu zamani kila aliyeingia na shauri la talaka alielekezwa meza yangu, ya Mwalimu Shaabani, na sasa meza hiyo ni yenu. Ya mishahara nitayaruka, hayana hadithi. Vyeo navyo vilikuwa viwili tu, mwenye ofisi na sisi wengine, nami sikuwahi kuwa mwenye ofisi.

Siku ya kwanza nilivaa suti. Ilikuwa mwezi wa saba, na anayeijua Doha ya mwezi wa saba ameshacheka. Ofisi ilikuwa hapa hapa Fereej Bin Mahmoud, imebanwa kati ya fundi cherehani Mpakistani na duka la juisi, ina meza tatu, feni moja, na taipureta mbili, moja ya Kiingereza na moja ya Kiarabu. Ya Kiarabu ilikuwa mali ya Ustadh Idris, Msudani mrefu mwenye kilemba cheupe na meno machache, aliyekuwa amekwishakaa pale miaka mingi kabla yangu. Alinitazama ile suti, akaniletea glasi ya maji, akanipa cheti cha ndoa cha Mombasa akasema nisome. Nikachukua kalamu nianze kutafsiri. Akaipokonya kalamu taratibu, akairudisha kwenye kopo lake. Alisema amesema nisome, hakusema niandike. Nilikisoma kile cheti tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na kila nilipoinua kichwa aliniuliza bwana harusi ana miaka mingapi, walii wa bibi harusi ni nani, shahidi wa pili ametia saini au amepiga dole gumba.

Ndivyo alivyonifundisha. Alisema karatasi ya ndoa ni watu wamekaa kwenye mkeka, na mtafsiri asiyewaona wamekaa ataandika upuuzi. Majina aliyafuatilia herufi kwa herufi. Mohamedi wa kwenye cheti asipofanana na Mohamedi wa kwenye pasipoti, aliniambia, hao ni watu wawili na mmoja wao hajaoa. Karatasi za Kiarabu alizibana pini pembe ya juu kulia, kwani hufunguliwa kutoka huko. Mimi kwa mazoea ya kwetu nilizibana kushoto mwaka mzima, naye mwaka mzima alizing'oa zile pini kwa ukucha bila kunisema. Alirejea kwao akiwa mgonjwa, na hatukuonana tena. Nimefanya kazi na watu wengi baada yake, wengine wamesoma kumzidi, lakini mpaka leo nikimaliza ukurasa hunijia hamu ya kumpelekea aukague.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Mtu anayetaka talaka huingia akidhani talaka ni fomu. Aliwahi kuja askari wa ulinzi, kijana wa Nakuru, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akaniambia, "Boss, nifanyie hiyo maneno ya divorce leo leo, niko off mpaka saa kumi." Nikamkalisha. Nikamuuliza wamefunga ndoa wapi, akasema kanisani, huko kwao. Basi nikamweleza kwamba Mkristo aliyeoa kwao mara nyingi njia yake iko kwao vilevile: atafute wakili kule, atie saini hapa karatasi ya kumpa wakili huyo mamlaka, igongwe mihuri ubalozini na wizarani, na shauri lisikilizwe yeye akiwa huku. Alisikiliza vizuri sana. Akaenda kunywa chai, akarudi kuniuliza kama naweza kumwandikia barua ya kumwomba mkewe msamaha. Hiyo nilimwandikia kabla ya saa kumi.

Kwa Waislamu njia iko hapa, ila ni ndefu, na ni wajibu wenu kuwaambia watu urefu wake siku ya kwanza. Cheti cha ndoa kinatakiwa kiwe na muhuri wa wizara ya nchi kilikotoka, kisha wa ubalozi, kisha wa wizara ya hapa, ndipo kitafsiriwe. Madai yaandikwe: nani anamdai nani, wameoana lini, wana watoto au hawana, kumetokea nini. Shauri likishasajiliwa, mahakama haikimbilii kuvunja. Huwapeleka kwanza kwa wasuluhishi, na pengine huteua hakamu wawili, mmoja upande wa mume na mmoja upande wa mke, wajaribu kuwapatanisha. Wakishindwa, hakimu anasikiliza. Mke anayeomba kujivua mwenyewe, yaani khului, huambiwa arudishe mahari. Kisha hukumu, kisha eda. Na tarehe ya kusikilizwa hutumwa kwenye simu kwa Kiarabu. Nimewahi kuwa na mteja aliyekosa siku yake mara mbili kwa kuufuta ujumbe, akidhani ni hoteli inatangaza bufee.

Kwa miaka mingi nimeandika maneno hayo ya madai bila kutetemeka. Mume hayupo. Mume haji. Mume amemwacha mke bila ya kumtaliki wala kuishi naye. Mchana mmoja nilikuwa nayapiga chapa maneno hayo kwa niaba ya mwanamke wa Kampala, vidole vikasimama. Mke wangu Mwanahawa yuko Pangani, na kwa miaka zaidi ya thelathini nimemwona mwezi mmoja kila mwaka, na miaka mingine hata huo mwezi ulinipita. Nilimpigia simu saa ya chakula, nikamuuliza kama amewahi kufikiria kunishitaki. Akasema angenishitaki wapi, mahakama ya kule haina nauli ya kunileta. Alikuwa akitania. Mimi sikuweza kula mchana ule, na ninakiri kwamba hamu ya kuwa naye iliniuma kuliko njaa.

Sasa niwaeleze shauri moja, na ndani yake kosa langu, maana kosa hilo mnaweza kulifanya kesho.

Salma binti Mbwana alikuja asubuhi ya Jumapili, sare ya dobi la hoteli ikichungulia chini ya abaya. Ni mtu wa Tanga. Aliniamkia shikamoo, akakaa, akaweka mfuko wa plastiki mezani na mikono yote miwili juu yake. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na umri huo aliutaja kabla hata ya jina. Alitaka talaka, na alitaka nijue kwamba hataki kumsema mtu vibaya.

Mumewe aliitwa Athumani Bakari, dereva wa nyumba moja hapa Doha. Walioana kwao, ila siku ya ndoa Athumani alikuwa huku, tajiri wake hakumpa ruhusa. Likafanyika lile tunalolifanya sisi sote: mdogo wake, Hemedi, alikaa kwenye mkeka kama wakili wake, akashikana mkono na baba wa Salma, akakubali ndoa kwa niaba ya kaka yake, huku simu imewekwa katikati ili naye asikie. Athumani alikuja likizo baadaye, wakaishi pamoja siku arobaini. Kisha akarudi, na Salma hakuweza kungoja. Akatafuta kazi hotelini, akamfuata.

Hapo ndipo kisa chao kinapokuwa cha Doha. Salma alilala bweni la wanawake la hoteli, ambako mume haingii hata kwa salamu. Athumani alilala chumba cha uani kwa tajiri wake, Al Thumama, ambako mgeni haruhusiwi. Nyumba ya kupanga ilikuwa juu ya uwezo wao. Wakawa mke na mume, mji mmoja, wakikutana Ijumaa kwenye bustani moja Abu Hamour, kwenye benchi, na chai ya karaki, ile ya maziwa na hiliki, na mkate. Mwaka wa kwanza Athumani hakukosa Ijumaa hata moja. Wa pili akawa anachelewa. Kisha ikawa mara moja kwa mwezi, kisha simu hazishikwi, na sasa ulikuwa unakwisha mwaka wa nne hajamwona. Hakumwacha, hakuja.

"Mimi sikumwomba nyumba, mwalimu," aliniambia. "Nilimwomba Ijumaa."

Niliyaandika madai yake vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Mume, Athumani bin Bakari. Kisha nikauchukua ule mfuko, nikatoa cheti, mihuri yake yote mitatu imekaa sawa, nikakitafsiri. Adhana ya adhuhuri ilikuwa inakaribia na watu watatu wananingoja. Nilikwenda mstari kwa mstari, herufi kwa herufi, nikapiga muhuri wangu, nikabana pini pembe ya kulia, nikampa, nikamwita anayefuata.

Baada ya wiki mbili karani wa mahakama akanipigia simu. Tunajuana zamani, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililonitia wasiwasi. Aliniuliza mwanamke huyu anamdai nani talaka. Madai yanasema mume ni Athumani. Cheti, kwa tafsiri yangu mwenyewe na muhuri wangu mwenyewe, kinasema mume ni Hemedi.

Nikafungua nakala ya cheti. Kwenye mstari wa mume, kwa mwandiko mzuri wa mkono, paliandikwa Hemedi Bakari. Nilikuwa nimeliandika jina hilo kwa Kiarabu safi, dakika kumi baada ya kuliandika la Athumani, na sikuona kitu. Nilitafsiri bila kusoma. Nilimshukuru Mungu kwamba Ustadh Idris hayupo, na papo hapo nikatamani angekuwepo.

Jinsi ilivyotokea si vigumu kuiona kama mmewahi kuhudhuria akidi ya ndoa ya haraka. Mwandikishaji amefika, pilau inanukia, watu wanasubiri. Ameuliza majina, ameona mkono ulioshikwa ni wa nani na aliyetia saini ni nani, akamwandika huyo. Wakili akawa mume. Na nani husoma cheti chake cha ndoa? Nilipompigia Salma akaja baada ya zamu, nikamwonyesha kwa kidole, akakiinamia muda mrefu.

Alisema, "Niliambiwa nikitunze. Hakuna aliyeniambia nikisome."

Akaniomba nibadilishe. Aliona jambo rahisi, mimi ndiye niliyeandika tafsiri, niandike nyingine yenye Athumani. Nikamweleza kwamba asili iko mahakamani na herufi zake zinaonekana, na kwamba hilo likijulikana tutaondoka Doha wote wawili kwa ndege ambayo hatukukata tikiti. Nikamuuliza kama Hemedi anaweza kwenda kwa kadhi kule Tanga akaape kwamba alikuwa wakili tu. Hapo akaniambia Hemedi amefariki, mwaka wa pili huu, kwa maradhi ya figo.

Sitaficha kilichopita kichwani mwangu, kwa kuwa kingepita na kwenu. Kwa karatasi, mwanamke huyu alikuwa mjane. Mume aliyeandikwa amekufa, eda imekwisha zamani. Hakuna shauri, hakuna hakamu, hakuna kungoja ujumbe wa simu. Cheti cha kifo kingetoka Tanga, ningekitafsiri, na kwa macho ya ofisi zote za Doha yuko huru. Nilimwambia. Nilihisi ni haki yake kujua mlango huo upo, ingawa nilimwambia pia kwamba mbele ya Mungu angebaki mke wa Athumani.

Aliikunja ile nakala ya cheti, akaitia kwenye mfuko wake.

"Hemedi alikuwa shemeji yangu, Mungu amrehemu. Hakunishika hata mkono, alimshika baba," alisema. "Mimi niliolewa na Athumani. Nataka Athumani ndiye aniache."

Nikarudi kwa karani kuuliza njia. Njia ilikuwepo: mahakama inaweza kuithibitisha ndoa yenyewe kwanza, mume na mke wakikiri mbele ya hakimu na wakaja mashahidi wawili waijuao, kisha ikasikiliza talaka. Lakini yote yalining'inia kwa Athumani. Akikataa kuja, au akija akasema huyu si mke wangu, karatasi iko upande wake. Salma angebaki alipo, si mke wala si mtalaka, na yule aliyemtundika hivyo asingeandikwa popote.

Kumfuata mtu kwake si kazi ya mtafsiri. Mkinisikia nimewaambia msifanye, msifanye. Mimi nilikwenda Al Thumama Ijumaa baada ya sala, nikamkuta Athumani nje ya geti la tajiri wake, suruali imekunjwa, anasugua rimu za gari kwa mswaki wa meno. Mtu mwembamba, mpole, mvi zimeanza. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia. Aliniamkia, akanitafutia ndoo aigeuze nikae, akaomba radhi kwamba hawezi kunikaribisha ndani.

Nilimweleza nimetoka wapi. Hakubisha lolote. Alisema kumweka hawezi, kumwacha hataki, basi akaona heri asionekane. Nikamuuliza kwa nini aliacha kwenda Ijumaa. Aliendelea kusugua kidogo.

"Kila Ijumaa naagana na mke wangu kwenye benchi, mwalimu. Anapanda basi lao, mimi napanda langu. Ikafika nikiamka Ijumaa naumwa. Sikuchoka naye. Nilichoka na lile benchi."

Nikamwambia habari ya cheti. Nilimwambia pole pole kwa kuwa lilikuwa jina la ndugu yake. Mwanzo hakuelewa. Alipoelewa aliuacha mswaki ndani ya ndoo ya maji, akakaa chini kwenye lami iliyolowa, na nguo zake nzuri za Ijumaa. Akaniuliza kama ina maana miaka yote hii yeye hakuwa mume wa Salma. Nikamjibu kwamba mbele ya Mungu alikuwa, ila hakuna karatasi duniani inayosema hivyo, na akitaka anaweza kuinuka hapo akaendelea na gari lake, hakuna atakayemgusa.

"Nitakuja," alisema. "Ataachwa akitaka kuachwa. Lakini kwanza waandike kwamba nilimuoa."

Walikuja, kila mmoja kwa basi lake. Kwa wasuluhishi tulimkuta mama mmoja mtaratibu, aliyewasikiliza saa nzima kupitia mdomo wangu. Mwisho akawauliza: wakipata chumba, hata kimoja, watarudiana? Athumani alisema ndiyo kabla sijamaliza kutafsiri. Salma alitazama mikono yake.

"Miaka minne iliyopita, ndiyo," akasema. "Sasa nimeshajifunza kukaa bila yeye, na ilinigharimu. Sitaki kujifunza upya."

Niliitafsiri jinsi ilivyo. Yule mama aliandika kitu, akafunga jalada, akatupa maji ya kunywa.

Siku ya hakimu mashahidi walikuwa wawili. Mmoja alilala chumba kimoja na Athumani zamani zile, ndiye aliyemshikia simu akidi ikifungwa. Wa pili ni mpishi wa mkahawa mmoja Abu Hamour, jirani wa Salma tangu utotoni, aliyehudhuria harusi kabla ya kuja Doha. Hakimu alimuuliza mpishi, ikiwa aliyekaa kwenye mkeka ni Hemedi, yeye alijuaje bwana harusi ni mwingine. Mpishi akajibu kwamba akina mama waliimba jina la Athumani tangu alasiri mpaka magharibi, na aliyeimbwa ndiye bwana harusi. Nilimfafanulia hakimu desturi hiyo. Akatabasamu kidogo, akaandika.

Kisha akamuuliza Salma kama anamkiri Athumani kuwa mumewe. Akakiri. Akamuuliza Athumani, naye akakiri, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mpaka karani akainua kichwa. Hakimu akasema ndoa imethibiti. Akamuuliza Athumani kama bado yu tayari kwa lile lililowaleta. Haikufika kwenye khului, kwa kuwa Athumani alisema atatoa talaka mwenyewe, na mahari, msahafu na cherehani, hayataki. Mnajua mkalimani husema kama asemavyo msemaji, hasemi "anasema". Kwa hiyo Athumani aliposema, nami nilisema, nikimtazama hakimu: Salma binti Mbwana, nimekuacha talaka moja. Nilikuwa nimelisema neno hilo kwa vinywa vya wanaume wengi. Siku ile nilitoka nje nikakaa garini kwa mandubu wetu, yule mtu wa kutembeza karatasi maofisini, naye kwa adabu akajifanya anatafuta kitu kwenye simu.

Salma alikuja na hukumu ofisini wiki chache baadaye. Ilikuwa Kiarabu kitupu, kurasa mbili, na alitaka nimsomee kwa Kiswahili kabla ya kuitafsiri rasmi. Nikaanza juu. Jina la Mwenyezi Mungu, jina la mahakama, majina ya waliohudhuria. Nikafika: imethibiti kwa mahakama kwamba Athumani bin Bakari alimuoa Salma binti Mbwana kwa ndoa sahihi ya kisheria, naye akawa mke wake. Nikavuta pumzi niingie aya inayofuata, ile ya talaka.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia. Akaniomba tena, hapo pa kwanza tu. Nilimsomea mara tatu, na mara ya tatu alikuwa amefumba macho na machozi yanashuka. Hakujificha, nami sikumpa kitambaa, nilikuwa namsomea. Akaweka kidole juu ya mstari, ingawa hausomi, akaniuliza kama jina lake ndilo lile na la Athumani ndilo lile lililo karibu nalo. Nikamwambia ndiyo.

Aya ya talaka hakuitaka. Alisema hiyo anaijua.

Nikaiandika tafsiri yote siku hiyo hiyo, nikiisoma kwanza kama mtu anayejifunza kazi. Nilipomaliza nikamuuliza kama atahitaji nakala ya ziada kwa ajili ya ubalozi.

"Nitolee mbili, mwalimu. Moja nitampelekea Athumani," alisema. "Naye hana karatasi inayosema alikuwa na mke."